Sahani ya Rangi Tatu: Pilipili za Kujaza za Mexico na Rojo la Jozi



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Agosti, katika mji wa Puebla, ulio upande wa mashariki ya mji mkuu wa Mexico, wapishi huanza kuulizana sokoni habari moja: je, jozi mpya zimekwisha teremka? Jozi hizo hutoka katika vijiji vilivyo ubavuni mwa Popocatépetl, mlima wa moto ambao hata leo hutoa moshi na majivu. Zikifika sokoni hapana tena kungoja, kwani katika majuma hayo machache tu, hata mwisho wa Septemba, ndipo kipikwapo chakula ambacho Wamexico wengi hukihesabu kuwa ndicho taji la mapishi yao. Jina lake kwa Kihispania ni *chiles en nogada*, yaani pilipili katika rojo la jozi.

Jozi ni kokwa yenye ganda gumu, na kiini chake kimekunjamana mfano wa ubongo. Ama pilipili yenyewe ni kubwa, ya kijani iliyokolea, na ukali wake ni mdogo. Hubabuliwa motoni, ikamenywa ngozi, kisha ikajazwa nyama iliyopikwa pamoja na matunda, zabibu, lozi na viungo. Juu yake humiminiwa rojo jeupe la jozi, na juu ya rojo hutawanywa punje nyekundu za komamanga na majani mabichi. Kijani, nyeupe na nyekundu: ndizo rangi za bendera ya Mexico. Aionaye sahani hiyo mara ya kwanza husita kuigusa, akachelea kuuharibu uzuri wake.

Huenda msomaji akauliza: chakula hicho chatuhusu nini sisi, na hali kama kipikwavyo kwao mara nyingi kina nyama ya nguruwe na mvinyo? Swali hilo ni la haki. Twaomba msomaji asubiri kidogo, kwani kabla ya kujibu yafaa tujue chakula hiki kimetoka wapi na kimepitia mikono ya nani.

KISA CHA MWAKA 1821

Mexico ilitawaliwa na Hispania kwa muda wa miaka mia tatu, tangu 1521 hata 1821. Katika mwaka huo wa mwisho jemadari mmoja, Agustín de Iturbide, aliongoza jeshi lililojulikana kwa jina la Jeshi la Dhamana Tatu: dini, uhuru na umoja. Kila dhamana ilikuwa na rangi yake: nyeupe ya dini, kijani ya uhuru, na nyekundu ya umoja. Tarehe 24 Agosti 1821 Iturbide alitia sahihi mkataba wa uhuru katika mji wa Córdoba wa huko huko Mexico, kisha akashika njia ya kwenda mji mkuu, na Puebla ikawa njiani mwake.

Hapo ndipo kinapoanza kisa wanachokisimulia watu wa Puebla. Wasema kwamba tarehe 28 Agosti ni sikukuu ya mtakatifu Agustino wa Wakristo, ambaye Iturbide alikuwa na jina lake, na kwamba masista wa nyumba ya Santa Mónica, ambao ni wa jamaa ya Agustino huyo huyo, walitaka kumkirimu mgeni kwa chakula chenye rangi za jeshi lake. Wakachukua yaliyokuwa sokoni katika msimu ule, pilipili, jozi na komamanga, wakaandaa sahani ya rangi tatu.

Kisa hiki ni kizuri, lakini wanahistoria hawakikubali chote. Rojo za jozi zilikuwa zikipikwa Hispania tangu zamani, na Mexico kadhalika zilijulikana kabla ya siku ile. Yaelekea, basi, kwamba chakula hiki hakikuzuliwa kwa siku moja. Kilikuwapo katika majiko ya watu, kikibadilika kidogo kidogo, mpaka uhuru ulipokipa maana mpya.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo kisa hiki chatufunza, kiwe cha kweli au kiwe hadithi. Iturbide, aliyeandaliwa karamu, alitangazwa kuwa mfalme mkuu mwaka 1822, akajiuzulu mwezi wa Machi 1823, na tarehe 19 Julai 1824 akapigwa risasi kwa amri ya serikali ya nchi ile ile aliyoikomboa. Ufalme wake haukutimiza mwaka. Chakula kimekwisha pita miaka mia mbili, na kila Agosti chapikwa upya. Lakini jina la Iturbide limeandikwa vitabuni, na wapishi wote wametajwa kwa neno moja tu, “masista.” Aliyekula ajulikana, aliyepika hajulikani.

MIKONO ISIYOTAJWA

Tukiitazama sahani hii kwa makini tutaona kwamba mikono isiyotajwa ni mingi zaidi kuliko ya masista wale.

Pilipili yenyewe ni mwenyeji wa Mexico. Wenyeji wa nchi ile waliilima maelfu ya miaka kabla ya Wazungu kufika. Ilipotoka huko ilichukuliwa na merikebu za Wareno na Wahispania hata Afrika na Bara Hindi, ikaenea upesi mno. Hapa pwani yetu tumeizoea hata twadhani ilizaliwa kwetu. Jina letu la pilipili kwa asili ni la ile nyeusi ya Bara Hindi, ambayo leo twaiita pilipili manga. Mgeni kutoka Mexico alipofika alipewa jina la mwenyeji. Kwa hiyo mama wa Mombasa au Unguja akatapo pilipili kwa ajili ya kachumbari, anatumia urithi wa wakulima wa Mexico wasiojulikana majina.

Vitu vingine katika sahani hii vilitoka mashariki. Mdalasini na karafuu zilifika Mexico kwa merikebu zilizokuwa zikisafiri baina ya Manila na Acapulco, tangu 1565 hata 1815. Lozi, zabibu, sukari na komamanga zililetwa na Wahispania; na Wahispania wenyewe walikuwa wameishi pamoja na Waislamu wa Andalusi tangu mwaka 711 hata 1492. Neno lao la sukari, *azúcar*, ni *as-sukkar* ya Kiarabu. Neno lao la mafuta, *aceite*, ni *az-zayt*. Wanahistoria wa Andalusi husimulia kwamba katika zama za Abdurrahmani wa Kwanza, aliyetawala Cordoba tangu 756 hata 788, aliletewa makomamanga mazuri kutoka Sham, na mtu mmoja aitwaye Safar akazipanda mbegu zake, na aina ile ya komamanga ikaitwa *safari* kwa jina lake. Huyu angalau jina lake halikupotea.

Hata namna ya kupika nyama pamoja na matunda ni jambo lililojulikana sana katika majiko ya Waislamu. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 na Muhammad al-Baghdadi kina nyama iliyopikwa kwa matufaha na nyama iliyopikwa kwa maji ya komamanga. Hatusemi kwamba *chiles en nogada* ni chakula cha Kiarabu. La, ni cha Mexico, na wenyewe wana haki ya kujivunia. Twasema tu kwamba katika chungu kile mna kumbukumbu za watu wengi, na baadhi yao ni watu wa umma wetu.

NYAMA ILIYOKUWA MTIHANI

Sasa turudi kwenye swali. Katika Puebla kujaza pilipili hizi hutumiwa aghalabu nyama ya ng’ombe iliyochanganywa na ya nguruwe, na baadhi ya wapishi hutia mvinyo kidogo katika rojo. Mtu mwepesi atasema, “Kidogo hakidhuru,” au, “Ukiviondoa hivyo, chakula si chenyewe.”

Na akumbuke historia. Baada ya Granada kuanguka tarehe 2 Januari 1492, Waislamu wa Castilla waliamrishwa mwaka 1502 wabatizwe au wahame. Waliobaki waliitwa Wamorisko, na mahakama ya dini iliyoitwa Inkwizisheni iliwapeleleza mpaka jikoni mwao. Mtu aliyekataa nyama ya nguruwe au mvinyo aliweza kushitakiwa kwamba bado ni Mwislamu kwa siri. Nyama katika chungu ikawa mtihani wa imani. Jirani alinusa moshi, mtumishi akaulizwa nini kilipikwa, na jibu liliweza kumfikisha mama wa nyumba gerezani. Hatimaye, baina ya 1609 na 1614, Wamorisko walifukuzwa Hispania kwa malaki.

Basi mtu aondoapo nyama ya nguruwe katika chakula chenye asili ya Kihispania haharibu kitu. Afanya kwa amani, nyumbani mwake, jambo ambalo wengine walilifanya kwa hofu na wakalipa kwa uhuru wao. Na chakula hakipungukiwi, kwani nyama ya ng’ombe au ya kondoo hupokea utamu wa matunda vema, na rojo la jozi halihitaji mvinyo hata tone.

Kwa vijana waendao kusoma au kufanya kazi ng’ambo tuna nasaha moja zaidi: wasidanganywe na majina. Katika mji huo huo wa Puebla kuna chakula kiitwacho *tacos árabes*, yaani mikate ya kukunja ya Kiarabu. Kilianzishwa na wahamiaji kutoka Mashariki ya Kati katika karne iliyopita, na nyama yake huchomwa katika chuma cha kusimama, kama shawarma. Lakini nyama hiyo leo kwa kawaida ni ya nguruwe. Jina la Kiarabu halihalalishi kitu. Kuuliza kwa adabu kabla ya kula si aibu. Aibu ni kujua kisha kunyamaza.

Liko na jambo la tatu la kuondoa, ambalo Wamexico wenyewe wamekwisha ona haja yake. Zamani ndani ya nyama mlitiwa vipande vya *acitrón*, peremende iliyotengenezwa kwa dungusi kubwa la jangwani. Mmea huo hukua polepole mno, hata huchukua makumi ya miaka kufikia ukubwa wake, na ili kupata peremende ni lazima uuawe. Kwa sababu umepungua sana, sheria ya Mexico sasa yaulinda, na wapishi waadilifu hutumia matunda mengine yaliyokaushwa kwa sukari. Tazameni, basi, kwamba kubadili chakula kwa ajili ya haki si kukivunjia heshima.

NAMNA YA KUPIKA

Haya ndiyo mapishi yake, kwa watu wanane.

Vya kujaza: pilipili mboga nane kubwa za kijani, zile tamu zisizowasha ambazo wengine huziita pilipili hoho, nusu kilo ya nyama ya ng’ombe au ya kondoo, iliyokatwa ndogo ndogo kwa kisu au kima, kitunguu maji kimoja, chembe mbili za kitunguu saumu, nyanya mbili, tufaha moja, peasi moja na pichi moja, yote magumu kidogo, nusu ya ndizi mbivu ya kupika, zabibu konzi moja, lozi konzi moja, zimenywe na kukatwa, kipande cha mdalasini, karafuu mbili zilizosagwa, mafuta na chumvi. Msishangae kuiona ndizi, kwani Wamexico wengi nao huitia.

Vya rojo: robo kilo ya jozi; gramu 100 za jibini nyeupe laini isiyo na chumvi nyingi; kikombe kimoja cha maziwa; kijiko kimoja cha sukari; mdalasini wa unga na chumvi, vyote kidogo sana.

Vya kupambia: komamanga mbili, na majani mabichi yaliyokatwa. Wao hutumia majani yanayofanana na kotmiri lakini yenye harufu ya pole. Asiyekuwa nayo atie kotmiri chache.

Anza na jozi, tena anza usiku wa kuamkia siku ya kupika. Jozi zikiwa mbichi ngozi yake ya ndani huambuka kwa kidole. Zilizokauka, kama zile zifikazo madukani kwetu, zimwagie maji yaliyochemka, zingoje kidogo, kisha zimenye moja moja. Ngozi hiyo ndiyo yenye uchungu na rangi ya kahawia. Ikibaki, rojo halitakuwa jeupe wala tamu. Zikwisha kumenywa zilaze ndani ya maziwa mpaka asubuhi, mahali pa baridi. Aliyezikosa kabisa aweza kutumia korosho mbichi zilizorowekwa. Atapata weupe na ulaini, lakini ladha itakuwa ya korosho, na ni vema awaambie wageni wake kweli.

Asubuhi babua pilipili juu ya moto wa makaa au wa gesi, ukizigeuza mpaka ngozi iwe nyeusi pande zote. Zifunike kwa kitambaa katika bakuli kwa muda wa dakika kumi na tano ili zitoe jasho, kisha menya ngozi kwa vidole. Usizioshe kwa maji mengi, kwani ladha ya moshi itakwenda na maji. Pasua upande mmoja kwa urefu, toa mbegu na nyuzi nyeupe za ndani, na vikonyo uviache.

Kaanga kitunguu maji na kitunguu saumu katika mafuta mpaka vilainike, tia nyama uikaange mpaka maji yake yakauke, kisha tia nyanya zilizosagwa, mdalasini, karafuu na chumvi. Nyama ikikaribia kuiva, tia zabibu na lozi, na mwisho kabisa matunda yaliyokatwa vipande vidogo. Pika kwa moto wa pole dakika kumi tu, ili matunda yalainike bila ya kuvurugika. Yapasa mchanganyiko uwe mkavu. Ukiwa na mchuzi utachuruzika. Toa kipande cha mdalasini, uache upoe.

Jaza pilipili kwa kijiko, si kwa kushindilia, kisha uzifunge kwa umbo lake. Katika Puebla wako wazichovyao katika mayai yaliyopigwa mpaka yakaumuka, wakazikaanga; na wako wazilao vivi hivi. Mabishano yao juu ya jambo hili hayana mwisho. Kwa nyumba yenye kazi nyingi, njia ya pili ni nyepesi zaidi.

Mwisho saga jozi pamoja na maziwa yake, jibini, sukari, mdalasini na chumvi, mpaka liwe rojo zito lisilo na chembe. Lionje: utamu uwe mdogo, kwani hiki si kitindamlo. Panga pilipili katika sahani, mimina rojo juu yake, tawanya punje za komamanga na majani. Huliwa bila ya kupashwa moto, na kwa hiyo chafaa sana kwa siku ya wageni, kwani rojo na nyama vyaweza kutayarishwa mapema na mpishi akapata kukaa na wenziwe.

KAZI YA MIKONO MINGI

Aliyewahi kumenya robo kilo ya jozi atajua kwa nini chakula hiki hakipikwi na mtu mmoja. Ni kazi ya saa nzima au zaidi, na vidole huwa vyeusi. Katika nyumba za Puebla jamaa hukaa pamoja wakizunguka bakuli, bibi, mama, mashangazi na watoto, wakimenya na kuzungumza. Ndiyo maana wanapokikumbuka chakula hiki wakiwa mbali, mara nyingi hukumbuka kwanza bakuli lile na sauti za waliolizunguka.

Hapa ndipo twataka kumaliza. Katika nyumba zetu nyingi vijana hungoja sahani ifike, wakaisifu au wakaitoa makosa, na aliyesimama mbele ya moto tangu alfajiri hakuna amtajaye. Na hali Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake, na wakati wa Sala ulipofika ndipo alipotoka. Kama kazi ya nyumbani haikumshushia hadhi yeye, itamshushia hadhi nani?

Basi enyi vijana, wavulana kwa wasichana, usiku wa kuamkia siku ya wageni kaeni pamoja na mama zenu mkalizunguke bakuli. Tunda la komamanga limetajwa katika Kurani, katika Sura ya Al-An’am na Sura ya Ar-Rahman, miongoni mwa neema. Na punje zake mtakazozitoa ganda kwa mikono yenu zitakuwa tamu zaidi. Kisha wageni watakaposhukuru, mwambieni kila mmoja jina la aliyepika. Masista wa Puebla hatuwajui majina, wala mama wa Kimorisko aliyekipika chakula chake mlango umefungwa. Lakini aliye jikoni mwetu twamjua, na haki yake ni kutajwa.

Mwenyezi Mungu aturuzuku vya halali, na atupe mioyo ya kuwashukuru wanaotuandalia. Amin.